Antena ya redio: usalama kwanza, urefu baadaye

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa Nkome, redio inayokwaruza inakunyima utabiri wa TMA. Lakini kwa maoni yangu, kukimbilia mlingoti mrefu wa chuma ni kosa. Kanda yetu ya Ziwa ina radi nyingi. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi shuleni hapa Geita.

Mawimbi ya FM hudhoofishwa na vilima na mabati. Basi toa antena nje. Chukua vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja sentimita 75, vinyooshe kwenye ubao mkavu bila kugusana, kisha kila kimoja kiungwe na uzi wake wa waya unaoshuka kwenye redio. Ifunge juu kidogo ya paa, mbali na nyaya za umeme, hata ikianguka isizifikie.

Ukitumia mlingoti wa chuma, fundi aweke ethi. Hata hivyo, ethi haizuii radi kupiga. Chomoa antena mawingu yanapojikusanya. Ukishasikia ngurumo umechelewa, usiiguse.

Anayetaka redio ya kutuma sauti aanze na leseni ya TCRA.

Utabiri wa mvua humfaa mkulima aliye hai.