Asilimia 25 ya Nini?

Mwandishi wa toleo lililopita anasema sisi tunaopangisha nyumba kwa wageni wa siku chache tunalalamika bure. Mgeni kughairi ndiyo biashara, anasema, na hata corona ilipoingia, Airbnb, kampuni inayotuunganisha na wageni hao, iliwafidia wenye nyumba asilimia 25. Ya nini? Hapo hakugusa.

Machi 2020 kampuni hiyo iliwaruhusu wageni waliokuwa wameshalipia kughairi na kurudishiwa fedha zote, ikaweka kando masharti ambayo mwenye nyumba aliyachagua na mgeni akayakubali. Baadaye mkuu wake, Brian Chesky, aliwaomba radhi wenye nyumba kwa kuamua bila kuwashauri, akatangaza dola milioni 250. Lakini ile asilimia 25 haikuwa ya malipo yote. Ilikuwa ya kile ambacho masharti yangempa mwenye nyumba mgeni akighairi. Chukua nyumba ya Nyali iliyolipiwa shilingi 40,000, kwa masharti ya mwenyewe kubaki na nusu. Haki yake ni 20,000. Fidia: 5,000. Na mlinzi anasubiri mshahara, benki inasubiri mkopo wake.

Sisemi mgeni angelazimishwa kusafiri mipaka imefungwa. Arudishiwe. Ninachokataa ni kampuni kufanya ukarimu kwa mfuko wa mwingine, kisha kutangaza tarakimu inayosikika kubwa. Kila nafasi inapoghairiwa, mwenye nyumba aonyeshwe hesabu kamili: alichostahili, kilichokatwa, na kifungu kilichotumika kukikata.