Gari la zamani lishushwe kwa hesabu, si kwa macho

UKIPITA kwenye maonesho ya magari ya zamani jijini Nairobi, au kwenye gereji za vijana wa Arusha na Kampala, hukosi kukutana na mtindo mmoja: gari la spoti la miaka ya 1970 limeshushwa hadi tumbo linakaribia lami, rimu pana zimejaa kwenye madigadi, na tairi limebaki jembamba kama mkanda wa suruali.

Sina ugomvi na kushusha gari. Likishushwa kwa kiasi, gari hutulia kwenye kona na halilali upande kama mashua. Ugomvi wangu ni utaratibu wa maamuzi. Wengi huanza na rimu waliyoipenda kwenye picha, kisha wanakata springi, na mwisho wanatafuta tairi lolote litakaloingia. Nionavyo, utaratibu huo ugeuzwe: ianze barabara, lifuate tairi, kisha rimu, na kushusha kuwe kwa mwisho.

Nichukue mfano wa gari ambalo ukanda wetu una haki ya kulidai, Datsun 240Z. Lilitengenezwa Japani kuanzia 1969 hadi 1973, lina injini ya lita 2.4 yenye silinda sita, na uzito wake ni tani moja na kidogo tu. Lakini jina lake lilikuzwa hapa kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya East African Safari, na Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda, akiwa na Lofty Drews.

Mehta alizaliwa Uganda na kuhamia Kenya mwaka 1972, wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mashindano yenyewe yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa maneno mengine, 240Z ilipata heshima yake kwenye vumbi na matope ya nchi zetu, kabla Jumuiya ya kwanza haijavunjika mwaka 1977. Gari lililoshinda 1971 limehifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Japani, na mwaka 2013 lilifufuliwa likatembea tena.

Sasa tuje kwenye namba. 240Z ilitoka kiwandani na rimu za inchi 14 zenye upana wa inchi 4.5, na tairi la 175 la ubavu mrefu. Tairi hilo, kwa vipimo vya leo, ni karibu sawa na 175/80R14. Kipenyo chake chote, kutoka ardhini hadi juu, ni takriban milimita 635. Namba hiyo ndiyo mwenye gari anapaswa kuikariri kabla ya kujua bei ya rimu yoyote, kwa sababu giabox, spidometa na nafasi ya ndani ya madigadi vyote vilipangwa kwa kuifuata.

Kukokotoa kipenyo hakuhitaji shahada. Chukua tairi la 205/50R15. Namba 205 ni upana kwa milimita. Namba 50 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 102.5. Zidisha mara mbili, kwa sababu kuna ubavu juu na chini, unapata 205. Ongeza rimu ya inchi 15, ambayo ni milimita 381. Jumla ni 586.

Linganisha na 635 ya kiwandani. Tofauti ni milimita 49, na nusu yake, karibu milimita 25, ni kimo ambacho gari limepoteza kabla hujagusa springi hata moja. Ukishusha springi kwa milimita 50 juu ya hapo, umeondoa milimita 75 kutoka chini ya sampo ya oili na bomba la ekzosi. Tuta la kijiji halitakuuliza kama rimu zako zilitoka Osaka.

Kuna hasara ya pili ambayo haionekani kwa macho. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule, hivyo spidometa husema uongo. Kwa 205/50R15, ikionesha kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda kama 92. Hesabu ya kilomita zilizotembewa nayo inakua kuliko ukweli, na injini inazunguka kwa kasi zaidi safari nzima. Anayetoka Nairobi kwenda Arusha atalipia tofauti hiyo kwenye kituo cha mafuta.

Hapa ndipo ninapopata hoja yangu kubwa, na inahusu ukanda wetu kuliko gari lenyewe. Magari mengi ya familia tunayoagiza kutoka Japani, kama Toyota Premio, Allion na Wish, hutumia tairi la 195/65R15. Kipenyo chake? Milimita 634.5. Ni nusu milimita tu kutoka kwenye kipimo cha 240Z ya kiwandani. Ubavu wake ni milimita 127, unene wa kutosha kumeza shimo bila rimu kupinda. Na kwa sababu magari hayo yametapakaa, tairi hilo lina nafasi nzuri ya kupatikana kwenye duka la mji mdogo, iwe upande wa Kisumu, Singida au Mbarara.

Hilo ndilo tairi la kuanzia. Kama mwenye gari anataka lishuke kidogo na likae vizuri chini ya madigadi, ana ngazi mbili za heshima. Ya kwanza ni 205/60R15, yenye kipenyo cha 627: kimo kinapungua kwa milimita nne tu na spidometa inakosea kwa asilimia moja na kidogo. Ya pili ni 195/60R15, yenye kipenyo cha 615: kimo kinapungua kwa milimita kumi. Hapo unaweza kushusha springi kwa milimita 25 hadi 30, gari likaonekana limekaa chini, na bado likapanda tuta bila kukwaruza.

Baada ya tairi ndipo rimu. Kwa 195/60R15 rimu inayoruhusiwa ni ya upana wa inchi 5.5 hadi 7. Mtindo wa kulinyoosha tairi la 195 juu ya rimu ya inchi 9 unaacha ukingo wa rimu wazi, na shimo la kwanza litakalokutana na ukingo huo litamaliza biashara. Tairi lililonyooshwa pia linaweza kuachia rimu upepo ukipungua. Likiachia kwenye kona, anayeumia huenda hakuwa hata ndani ya gari hilo.

Upana wa rimu una mwenzake ambaye wauzaji wengi hawamtaji: ofseti. Hii ni umbali kati ya katikati ya rimu na uso unaogusana na habu. Ofseti ikiwa sifuri, rimu imegawanyika sawa ndani na nje. Ukitoka inchi 4.5 hadi inchi 7 bila kubadili ofseti, rimu inaongezeka karibu milimita 32 kila upande. Kwa nje inasogelea ukingo wa madigadi. Kwa ndani inasogelea nguzo ya shokapu na kile kisahani kinachobeba springi, kwa sababu 240Z ina shokapu za aina hiyo mbele na nyuma. Rimu ya inchi 15 kwa 7 yenye ofseti sifuri imekuwa chaguo la wengi kwenye gari hili kwa sababu inapita katikati ya hatari hizo mbili. Rimu za magari ya kisasa huwa na ofseti ya 35 au zaidi. Ukiifunga hivyo hivyo inagonga shokapu, na ndipo mtu anapoambiwa aweke spesa.

Spesa si dhambi, lakini isiwe kiraka cha ununuzi mbaya. Gari hili lina nati nne, na matundu yake yamepangwa kwenye duara la milimita 114.3. Spesa nene ikifungwa kwenye boliti zile zile, nati hushika nyuzi chache kuliko zilizokusudiwa. Anayeona hilo ni jambo dogo amtafute fundi aliyewahi kuokota tairi lililotangulia mbele ya gari.

Kipimo cha mwisho hufanyika gereji, si kwenye karatasi. Fundi mzuri hutoa springi, hufunga tairi na rimu, kisha hupandisha mguu wa gari kwa jeki mpaka ufike kwenye raba ya kugotea. Akiwa hapo anazungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Kama tairi haligusi chochote, sasa springi inaweza kurudishwa na gari likashushwa. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na gharama yake haifiki hata bei ya rimu moja. Baada ya kushusha, alaimenti ni lazima, maana matairi huanza kuinama kwa ndani na kulika upande mmoja.

Msomaji atasema barabara zetu zimekuwa nzuri, mambo ya 1971 yamepitwa. Ni kweli lami imeongezeka, na leo unaweza kutoka Dar es Salaam hadi Kampala bila kukanyaga vumbi. Lakini lami imekuja na matuta yake, na matuta hayo hayana kimo kimoja hata ndani ya wilaya moja, sembuse nchi tatu. Mwingine atasema gari lake ni la maonesho tu. Hata la maonesho hufika uwanjani kwa barabara ile ile ya daladala, bodaboda na watoto wa shule.

Zaidi ya hapo, magari ya zamani yanarudi kuvuka mipaka. Tangu 2003 kuna mashindano ya East African Classic Safari, ambayo kituo chake ni Kenya na yamewahi kuingia Tanzania. Dereva wa kawaida naye anavuka na Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayomlinda mtu wa tatu katika nchi ya jirani. Kadi hiyo inatambulika mpakani, lakini hakuna karatasi inayomwambia askari wa upande wa pili kwamba tairi hilo, rimu hiyo na kimo hicho vilipimwa na mtu anayejua.

Jumuiya yetu ya sasa ilishaonesha kwamba inaweza kuhesabu. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya 2013 iliweka mipaka ya uzito wa ekseli za malori ili barabara za pamoja zisiharibiwe. Kwa magari madogo ukaguzi uko mikononi tofauti: Kenya kuna NTSA, Rwanda kazi hiyo iko chini ya polisi, Tanzania askari wa usalama barabarani ndio wanaomsimamisha mwenye gari.

Sipendekezi mamlaka mpya wala ada mpya. Napendekeza ukurasa mmoja unaofanana kwa nchi wanachama: ukubwa wa tairi, upana wa rimu na ofseti yake, namba ya uwezo wa kubeba, wiki na mwaka wa kutengenezwa kwa tairi, na kimo cha gari kutoka ardhini. Baadhi ya taarifa hizo zimeshaandikwa kwenye tairi lenyewe. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT husema wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba 88 ubavuni husema tairi linabeba kilo 560, na 91 husema kilo 615. Mkaguzi anahitaji futi kamba na dakika kumi.

Ujerumani, nchi inayopenda magari ya kasi kuliko sisi, haijapiga marufuku kushusha gari. Anayefunga rimu nje ya vipimo vilivyoidhinishwa hulipeleka gari kwa mkaguzi, na likifaulu vipimo vipya huingia kwenye nyaraka zake. Mwenye gari analindwa, na anayelinunua kesho anajua anachonunua.

Vijana wetu wanaofufua magari haya wanatunza historia ambayo serikali zetu hazikuitunza. Wanastahili utaratibu unaowatambua badala ya kuwavizia. Wao nao watimize sehemu yao. Kabla ya kulipia rimu, waandike namba 635 kwenye karatasi, wakokotoe kipenyo cha tairi wanalolitaka, kisha waulize kama tairi hilo litapatikana upande wa pili wa Namanga, Mutukula na Rusumo. Jibu likiwa hapana, hiyo rimu waiache dukani.