Vumbi Likitulia, Bunia Itoke Nje

Safu ya Jumamosi
Na Lotsove Bahati

Kufikia mwisho wa Februari, vumbi la Bunia linakuwa limeingia kila mahali. Wauza mikate kando ya Boulevard de la Libération wanafunika bidhaa zao kwa nailoni, waendesha pikipiki wanajifunga kitambaa puani, na majani ya miti yamegeuka rangi ya barabara. Kisha alasiri moja ya Machi upepo unageuka, mabati yanaanza kupigwa na matone makubwa, na kwa nusu saa watu wote wanajibanza vibarazani wakitazama. Kesho yake hewa imesafika. Anayeangalia upande wa mashariki anaviona tena vilima ambavyo tangu Krismasi vilikuwa vimefunikwa na vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa.

Huko Arizona, Marekani, mji wa jangwani wa Phoenix nao hutoka nje mwezi huohuo. Joto kali la kiangazi halijafika, maua ya manjano yanachanua jangwani kama mvua za majira ya baridi zilinyesha vizuri, vilabu 15 vya besiboli viko mazoezini kabla ya msimu kuanza, na magazeti yanajaza kurasa za mahali pa kwenda na familia. Bunia si jangwa. Iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari na kwa mwaka mzima inapata mvua ya kutosha. Lakini ina ukame wake wa Desemba hadi Februari, na ina Machi yake. Inachokosa ni ukurasa wa namna hiyo. Majina ya maeneo ya mkoa wetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, kama Bogoro, Boga, Drodro na Bule yanapotajwa katika habari, mara nyingi yanafuatwa na idadi ya waliouawa. Kijana aliyezaliwa Bunia vita vya Ituri vilipoanza mwaka 1999 sasa ni mtu mzima, na nchi inayomzunguka ameijua kwa njia hiyo tu. Hiyo ni hasara kubwa, na wanaosema kwamba matembezi ni anasa ya wenye pesa hawajaipima.

Kwa hiyo safu hii leo inauandika ukurasa huo. Kabla ya yote, tahadhari ambayo kila mkaaji wa Ituri anaijua: msafiri aulize madereva wa njia anayotaka na wenyeji wa kule anakokwenda, maana barabara iliyokuwa wazi Jumatatu inaweza kufungwa Alhamisi.

Asiye na nauli aanze hapahapa mjini. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, Bunia inageuka maandamano ya vikwembe: vyama vya wauzaji sokoni, wauguzi, walimu, wanakwaya, kila kundi na mshono wake. Katika Kongo mwezi mzima wa Machi unahesabiwa kuwa wa wanawake, na anayetaka kuwafahamu wanaoilisha Bunia asimame barabarani siku hiyo asome mabango yao.

Halafu kuna kumbikumbi. Baada ya mvua nzuri ya kwanza wanatoka ardhini usiku, na watoto wanajua la kufanya: taa inawekwa juu ya beseni lenye maji kidogo, wadudu wanaufuata mwanga, wanagonga, wanaanguka. Asubuhi mabawa yamejaa uani. Yanapepetwa kwenye ungo, miili inakaangwa bila mafuta kwa sababu yenyewe ina mafuta yake, chumvi inanyunyizwa, na bugali siku hiyo halihitaji nyama. Hakuna mtoto wa Ituri, wa kabila lolote, anayehitaji kufundishwa furaha hiyo.

Lakini safari kubwa ya Machi ni ziwa.

Kutoka Bunia hadi Kasenyi ni kama kilomita 50, na katika mwendo huo mfupi nchi inabadilika kabisa. Barabara inapita Bogoro, kilomita 25 hivi kutoka mjini, kisha inaanza kushuka ukingo wa Bonde la Ufa. Ziwa Albert liko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya Bunia, na mwili unaisikia tofauti hiyo kabla macho hayajaiona: koti linavuliwa, madirisha yanafunguliwa, harufu ya breki inapanda. Mawingu yanamwaga maji mengi juu milimani, bondeni yanafika machache, kwa hiyo huko chini nyasi ni fupi, miti ya miiba imetawanyika na ardhi ni kavu hata wakati vilima vya juu vimekwisha kuota kijani. Hapo ndipo Ituri inapokaribia jangwa. Ng'ambo, siku ya hewa safi, unaonekana ukingo wa Uganda.

Ni kutoka ng'ambo hiyo ndipo Samuel Baker, Mwingereza, aliliona ziwa hili tarehe 14 Machi 1864 akiwa na mkewe Florence, akalipa jina la Albert, marehemu mume wa Malkia Victoria. Wanyoro wa huko walikuwa na jina lao la zamani, Mwitanzige, na enzi ya Zaire likaitwa Mobutu Sese Seko. Baker alitazama magharibi akaona ukuta wa milima yenye rangi ya samawati. Ramani za Kifaransa mpaka leo zinaiita Monts Bleus. Milima hiyo ni kwetu, na hewa iliyosafishwa na mvua za Machi inaionyesha vizuri.

Kasenyi ni bandari ya kazi, na anayekwenda afike asubuhi, mitumbwi inapoingia. Samaki mkubwa, kapiteni, anapasuliwa mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani na kufunguliwa kama kitabu. Mwanamke anayemwandaa anakata mistari katika nyama nene ili chumvi iingie ndani, anaisugua kwa kiganja, anageuza, anasugua tena, kisha anamlaza juani pamoja na wengine. Siku kadhaa baadaye samaki huyo anakuwa makayabu yanayopanda mteremko kwa lori hadi masoko ya Bunia na mbali zaidi. Mgeni anaweza kununua samaki mbichi palepale, akakaangiwa, akala kwa sombe akitazama maji. Kwa familia ya mjini hiyo ni siku nzima ya raha, na pesa yake inabaki mikononi mwa wanawake wa bandarini.

Wakati wa kurudi, msafiri asipite Bogoro kwa mwendo wa kasi. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hicho kilishambuliwa na raia wake wakauawa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga kwa shambulio hilo mwezi Machi 2014, akahukumiwa kifungo cha miaka 12, na tarehe 24 Machi 2017 majaji wakaamuru fidia kwa waathiriwa 297, kila mmoja dola 250 za ishara pamoja na misaada ya pamoja. Huo nao ni urithi wa barabara hii. Mzazi anayeshuka na watoto wake kula samaki ana nafasi ya kuwaeleza kwa utulivu yaliyotokea hapo, na kuwaonyesha kwamba Bogoro ni kijiji chenye soko na shule, watu wake wanalima na kusalimia wapita njia.

Kusini kuna Boga, na hapo historia yetu ni ya kujivunia. Mwaka 1896 mwinjilisti Muganda, Apolo Kivebulaya, alitokea Toro, upande wa Uganda, akavuka bonde la Semliki hadi Boga. Chifu Tabaro alimpinga mwanzoni, Apolo akafungwa gerezani, akaachiwa, akarudi. Baadaye chifu mwenyewe alibatizwa. Apolo alikaa, akalima, akafundisha kusoma, akaingia msituni kwa Wambuti na kushughulikia Injili ya Marko kwa lugha yao. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza Mkristo kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza cha kwake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako kazi yake ilikuwa haijaisha. Mwafrika aliyeleta ujumbe wake kwa miguu katika enzi ya wamisionari wa Ulaya alistahili kuwa katika kila kitabu cha shule cha mkoa huu. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, baada ya siku ya kumbukumbu yake, Boga na Tchabi vilishambuliwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa. Kanisa lililokuwa likipokea mahujaji likabaki na wajane na yatima. Hija ya Boga isubiri usalama wa kweli, lakini isisahaulike: parokia za Bunia zinaweza kuisimulia habari ya Apolo Machi hii, kabla ya Mei kufika.

Magharibi, ukipita Komanda, kuna Mont Hoyo, mlima wa mawe ya chokaa wenye mapango mengi na maporomoko ya maji yanayoshuka ngazi kwa ngazi. Wazee wanaikumbuka nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya mlima. Katika pango la Matupi, miaka ya 1973 na 1974, mwanaakiolojia Mbelgiji Francis Van Noten alichimba na kupata zana ndogo za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Miongoni mwa mifupa aliyoikuta imo ya wanyama wa mbugani, mahali ambapo leo ni ukingo wa msitu mkubwa: nchi hiyo iliwahi kuwa kavu na wazi, kisha msitu ukarudi. Mwalimu wa jiografia asingeomba somo zuri kuliko hilo, na wanafunzi wake wengi hawajawahi hata kulisikia jina la Matupi. Mbali zaidi, baada ya Mambasa, iko Epulu na Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996. Juni 2012 waasi walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo. Walinzi wa hifadhi waliendelea na kazi.

Inabaki Bule. Iko kaskazini-mashariki ya Bunia, katika nyanda za juu za Djugu, upande wa safu ileile aliyoiona Baker, ambayo kilele chake, mlima Aboro, kinapita mita 2,400. Vilima ni vya nyasi, vimepandwa mikaratusi hapa na pale, na upepo wake ni wa baridi. Ni nchi ya ng'ombe, maharage na viazi. Kwa mtu wa mjini, asubuhi ya Machi katika milima hiyo, ukungu ukipanda kutoka mabondeni na maziwa yakichemka jikoni, ingekuwa pumziko lisilohitaji kitu kingine. Lakini karibu na Bule iko kambi ya Savo. Usiku wa kuamkia 2 Februari 2022 wapiganaji wa kundi la wanamgambo la CODECO waliingia humo na kuua watu wapatao 60, wakimbizi wa ndani waliokuwa wamekwisha kupoteza nyumba zao. Watalii hawana cha kufanya katika kambi. Wenye kwenda ni ndugu. Bunia imejaa wanafunzi, wafanyabiashara na wanakwaya wenye asili ya huko, Wahema na Walendu, jamii mbili zilizopigana katika vita vya Ituri, ambao hawajakanyaga milima ya wazazi wao. Njia ikiruhusu, waende kwa makundi ya kanisa au ya chuo, wachukue mbegu za maharage. Machi ni mwezi wa kupanda, na familia isiyofika shambani msimu huu haitakuwa na cha kuvuna katikati ya mwaka.

Kuna watakaosema amani itangulie, matembezi yafuate. Mji wa Goma haukusubiri hivyo. Tamasha la Amani lilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014, miezi michache tu baada ya vita vya waasi wa M23 vya wakati ule, na vijana wa Kongo, Rwanda na Burundi wakacheza jukwaa moja. Kaskazini mwa Kenya, katika jangwa la Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, tangu mwaka 2008 kumekuwa na tamasha linalowakutanisha Waturkana, Warendille, Wasamburu, Wagabra, Waelmolo na majirani zao, watu ambao baadhi yao wameibiana mifugo na kuuana. Tamasha halikukomesha wizi wa mifugo, wala Goma haikupata amani kwa muziki. Lakini ngoma ya jirani ikishachezwa mbele yako, na chakula chake ukishakionja, anayekuja kukuambia kwamba jirani huyo si mtu anapata kazi ngumu zaidi. Ituri inahitaji watu wa namna hiyo wengi, na iwapate wakiwa bado vijana.

Kasenyi inafaa kuwa mwanzo. Wakuu wa shule za Bunia wakubaliane Jumamosi moja, mabasi mawili au matatu, wanafunzi wa mitaa tofauti wachanganywe humo ndani badala ya kila shule kukaa peke yake. Mwenyeji wa Bogoro alipwe kuzungumza nao njiani, samaki wanunuliwe kwa wanawake wa bandarini, na safari ya kurudi ianze mapema alasiri. Ifanyike kabla ya Aprili kukolea, mteremko ukiwa bado haujageuka tope.