Silabi Moja Iliyofuta Tasnifu

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliingia ofisini kwangu amenywea. Katika mwongozo wa Kiswahili wa programu fulani huria alikuwa ameona palipoandikwa "ufute faili hii" mahali pa "usifute". Akapeleka sahihisho. Wenye mradi wakamjibu kwamba hayo ni mambo ya hijai, nao wanashughulikia msimbo. Miezi miwili baadaye mwenzake aliufuata mwongozo huo kwa utiifu, na data za tasnifu yake zikapotea.

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Wataalamu wa tarakilishi, kuliko watu wote, wanaijua gharama ya kosa la tahajia. Sanifu ya HTTP iliyochapishwa mwaka 1996 ina jina "Referer", lililopungukiwa na r moja ya neno la Kiingereza. Kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuenea, halikusahihishwa, na hadi leo vivinjari vya dunia nzima hulituma vivyo hivyo. Jina la ndani ya msimbo likishazoeleka halisahihishiki. Mwongozo husahihishika kabla ya chajio!

Nakiri wapo walioichafulia kazi hii jina. Oktoba 2020, katika tamasha la Hacktoberfest, watu waliimiminia miradi masahihisho yasiyo na maana ili wapate fulana ya bure. Lakini je, mvuvi mmoja akioza, tususie samaki?

Kwetu lipo tatizo kubwa kuliko hijai. Programu nyingi hutunga jumbe kwa kuacha pengo la nomino, kisha hufuata "imefutwa". Kiingereza hakidhuriki. Kiswahili kikitiwa humo huzaa "kitabu imefutwa" na "majina imefutwa", makosa ambayo mwalimu wa shule ya msingi angeyapigia mstari mwekundu. Nyenzo kama gettext ya GNU hutambua umoja na wingi, lakini ngeli haizijui. Hapana budi kila ujumbe uandikwe mzima, na hilo halitafanyika pasipo mjuzi wa sarufi kuketi na mwandishi wa programu tangu mwanzo.

Walimu wenzangu, tuwapeni wanafunzi miongozo hii waisahihishe badala ya vifungu vilevile vya kila mwaka. Mwanafunzi wangu amelipeleka sahihisho lake mara ya tatu. Angali anangojea jibu.