Ukienda Himalaya, tenga pesa za kusubiri

Wengi wanaotuambia wanapanga kwenda Nepal mara ya kwanza, kutembea hadi Kambi ya Msingi ya Everest, huwa washajua bei ya tikiti na ya viatu. Ukiwauliza wametenga ngapi za kusubiri, wanakutazama tu. Kusubiri nini? Sisi tunaona bajeti ingeanzia hapo.

Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, ni mita 5,199. Kambi hiyo, ambayo iko chini tu ya Everest, ni mita 5,364. Yaani hujaanza kupanda mlima wenyewe na tayari umeupita wetu wote. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukipita mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike moja. Ndiyo maana watu hulala siku mbili Namche Bazaar, mita 3,440.

Sasa fikiria uko Dingboche, mita 4,410. Kichwa kinagonga, chakula hakiingii, na mfukoni una pesa za siku zilizobaki kwenye ratiba, basi. Mwili unasema kaa, au shuka. Pesa zinakusukuma mbele. Ugonjwa wa mwinuko huua, na kuna mtu atakayeupuuza kwa sababu hana bei ya kitanda kimoja na sahani ya wali na dengu. Hapo sisi hatuna utani.

Halafu kuna Lukla. Kwa wengi matembezi huanzia na kuishia kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege kilicho mlimani, na mawingu yakishuka hakuna kuruka, pengine siku mbili mfululizo. Ndege yako ya kurudi Nairobi kupitia Doha au Dubai haitakungoja. Acha siku mbili tatu za ziada Kathmandu.

Hata viza ni hivyo hivyo. Ukilipia uwanjani Kathmandu, ya siku 15 ni dola 30, ya siku 30 ni dola 50. Ile ya bei ya chini inavutia, lakini kwenda kambini na kurudi huchukua karibu wiki mbili. Kuokoa dola 20 hapo ni kujifunga kamba mwenyewe.

Tunajua utasema, si niko na simu? Jamani, hata sisi tunaoishi kwa malipo ya simu tunakuambia ukweli: salio lako la hapa halitakununulia chai Gorak Shep. Wanepali wana eSewa na Khalti, lakini hizo zimetengenezewa wenyeji. Mashine za kutoa pesa utazikuta Namche. Ukipita hapo, ni rupia mkononi. Na kila kitu kinalipiwa: kuchaji simu, kuoga maji moto, intaneti. Bei hupanda kadiri unavyopanda, maana mizigo hubebwa kwa migongo ya watu na yak.

Kwa hivyo, tenga gharama za siku tano zaidi ya ratiba, uzifungie kwenye akiba ambayo huwezi kuigusa hadi wiki ya safari. Usizichanganye na za viatu. Bima nayo isome vizuri, kwani nyingi zina kikomo cha urefu na huenda helikopta ya uokoaji isiwemo. Zikikosa kutosha, si aibu kuanza na Poon Hill karibu na Pokhara: mita 3,210, siku nne au tano, na unaiona Annapurna na Dhaulagiri vizuri kabisa. Oktoba na Novemba ndiyo miezi mizuri.

Na kabla hujatoka, hakikisha laini yako itapokea ujumbe ukiwa Nepal. Ukitumia kadi ya benki, namba ya kuthibitisha malipo itatumwa kwenye laini hiyo hiyo.