Meno ya tairi hayaonyeshi umri wake

Juma lililopita tuliahidi kujibu swali la kikundi kimoja cha hapa Lubumbashi chenye basi dogo aina ya HiAce, lililonunuliwa kwa feza ya likelemba. Gari hilo linalala uwanjani karibu juma lote. Linatoka siku ya soko, ao kukiwa na kilio ao ndoa. Matairi yake bado yana meno mazuri, lakini shoferi anasema yabadilishwe kabla ya safari ya Likasi mwisho wa mwezi huu, wakati watakuwa wamama 14 ndani. Feza iko katika sanduku, ila iliwekwa kwa ajili ya mashine mbili za kushona. Kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema wazi kwamba shoferi anatafuta kula kitu juu ya bei.

Tulienda kuangalia gari lenyewe na tochi, tukapiga magoti. Ni kweli, ukipitisha kidole kwenye meno unasikia bado ni marefu. Lakini tairi linachoka kwa njia mbili. Linaishia barabarani, na linazeeka kwa miaka. Teksi inayozunguka mjini kuanzia asubuhi mpaka usiku inamaliza meno kabla ya uzee kufika, kwa hiyo watu wengi hapa kwetu wamezoea kuangalia meno tu. Kwa gari linalosimama sana, hesabu inageuka: meno yanabaki, mpira unakufa.

Huko Ulaya na Marekani wanaolijua sana jambo hili ni wenye magari-nyumba, yale yenye vitanda na jiko ndani. Yanatembea wakati wa likizo, kisha yanasimama miezi mingi yakiwa na mzigo wote juu yake. Basi la kikundi chetu, kwa maisha yake, linafanana zaidi na gari-nyumba kuliko teksi.

Ni nini kinazeeka? Hewa na joto vinaingia ndani ya mpira polepole na kuufanya mgumu. Jua linauchoma ubavu mpaka nyufa ndogo zinaonekana, kama udongo wa kiangazi. Watengenezaji wanachanganya ndani ya mpira dawa na nta za kuulinda, na tairi likizunguka na kujikunja vitu hivyo vinasogea mpaka juu. Likisimama wiki na wiki, kazi hiyo inalegea. Halafu kuna lile ambalo jicho halioni: ndani ya tairi mna nyuzi za chuma zilizoshikamana na mpira, na mshikamano huo ndio unaoachia. Siku ya safari ndefu, jua kali, gari limejaa watu na magunia, joto linapanda ndani ya tairi na ngozi yake inabanduka ao linapasuka. Mjini lilikuwa halina shida yoyote.

Umri wa tairi umeandikwa juu yake. Hili tunataka kila mama alijue, hata asiyewahi kushika usukani. Tafuteni ubavuni herufi DOT, mfuate mwandiko mpaka mwisho. Tarakimu 4 za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: 2 za kwanza ni juma la mwaka, 2 za nyuma ni mwaka. Mkiona 2318, ni juma la 23 la mwaka 2018. Mkiona tarakimu 3 tu, hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000, msilipande hata kwenda kanisani mtaa wa pili. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, na huo upande unaweza kuwa wa ndani. Ndiyo sababu ya tochi na magoti.

Kwenye gari la kikundi tulisoma hivi. Ya nyuma yote mawili: 0620. La mbele kuume: 0620 pia. La mbele kushoto: 3815, yaani lilitengenezwa mwezi wa tisa 2015. La akiba, lililofungwa chini ya gari na ambalo hakuna aliyelifikiria, ni 3815 vilevile. Inaonekana moja la zamani lilitobolewa siku moja, lile la akiba likafungwa mahali pake, na hakuna aliyerudisha.

Watengenezaji wenyewe wanasema nini? Wengi wa magari wanataja miaka 6. Michelin wanashauri kwamba baada ya miaka 5 ya kutumika, tairi likaguliwe na fundi walau mara moja kwa mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe, hata kama linaonekana zuri, pamoja na lile la akiba. Sisi tunaona kwamba kwa joto letu, kwa mashimo yetu na kwa namna tunavyojaza magari (tunajijua), miaka 10 ni ukuta wa mwisho kabisa. Kuanzia mwaka wa 6 mngekuwa tayari na feza mkononi.

Kuna mama mmoja wa Uingereza tunayependa mlisikie jina lake: Frances Molloy. Mwezi wa tisa 2012, mtoto wake Michael, kijana wa miaka 18, alikuwa anarudi kutoka tamasha la muziki la kisiwa cha Wight ndani ya basi kubwa. Karibu na Hindhead tairi la mbele lilipasuka, basi likatoka barabarani. Michael alikufa, pamoja na abiria mwingine kijana na shoferi. Wachunguzi walipolisoma tairi wakakuta lina zaidi ya miaka 19. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko mtoto yule. Meno yake yalikuwa bado yanakubaliwa na sheria! Mama huyo hakunyamaza. Miaka na miaka aligonga milango ya wabunge na mawaziri, mpaka kuanzia tarehe 1 mwezi wa pili 2021 sheria ya huko ikakataza tairi lenye zaidi ya miaka 10 kuwekwa mbele ya mabasi na malori, na hata nyuma ya mabasi madogo yenye gurudumu moja kila upande. Basi dogo la namna hiyo ndilo lile la kikundi chetu.

Sasa jibu. Yale mawili ya 3815 yaondoke kabla ya Likasi, bila kujadili tena. Tairi la mbele likipasuka, usukani unavutwa upande na mikono ya shoferi haitoshi kila mara. Yale matatu ya 0620 yamefika umri wa kukaguliwa. Yatolewe kwenye chuma, fundi ayaangalie ndani na nje. Akiona nyufa ubavuni, uvimbe kama jipu, ao sehemu iliyobonyea kwa kusimama mahali pamoja, nayo yaende. Yakiwa mazima yanaweza kuwafikisha Likasi, lakini kikundi kianze leo kuweka feza ya kuyabadilisha. Mashine ya kushona inunuliwe moja sasa, ya pili ingoje. Tunajua jibu hili halitafurahisha wote, hasa wale wasichana waliokwisha jiandikisha kujifunza ushoni. Lakini shoferi alikuwa na haki. Kuhusu bei, dawa ni rahisi: mtunza-feza na mama mwingine waende pamoja naye magazini.

Magazini pia someni tarakimu. Tairi linaloitwa jipya linaweza kuwa limekaa miaka 3 juani mbele ya mlango. Halafu matairi ya okazi, yale yanayotoka Ulaya: mengi yanang'aa, yana meno, na ni ya miaka 8 ao 9. Mwenyewe huko aliyatoa kwa sababu ya umri, na sisi tunayanunua kwa sababu ya meno. Bei yake ndogo, ukiigawa kwa miaka iliyobaki, mara nyingi inapita ya jipya. Jambo lingine: HiAce inabeba mzigo, inataka tairi lenye herufi C baada ya kipimo, kwa mfano 195 R15C. Kwado mwingine atawaambia la teksi linaingia vizuri. Kuingia linaingia, kubeba wamama 14 ni habari nyingine.

Ili siku nyingine msigombane juu ya mashine za kushona, wekeni tairi ndani ya hesabu ya kila mwezi. Tuchukue mfano tu: kama matairi manne yangegharimu dola 360, na mnataka yafanye miaka 6, hiyo ni miezi 72. Gawanyeni: dola 5 kwa mwezi. Dola 5 zinatoka kwa nauli za siku moja ya soko. Dola 360 kwa mara moja zinavunja kikundi.

Gari likiwa limesimama, funikeni magurudumu kwa gunia ao mbao upande wa jua. Shoferi alisogeze kidogo kila juma. Magunia ya unga na ya makala yasilale ndani yake usiku kucha. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa shoferi, na siyo kwa kupiga teke. Na tafadhali, mwambieni kijana anayeosha gari aache kuyapaka mafuta ya mazuti ili yang'ae. Mafuta hayo yanaharibu mpira.

Yale mawili ya zamani msimwuzie kwado. Tunajua atatoa kitu kidogo, lakini kesho atamfungia mtu mwingine, na ndani ya gari hilo kutakuwa pia wamama na watoto. Yatobolewe ubavuni kwa kisu mbele ya kikundi, kisha mfundi wa ndala ayachukue.

Vikundi vingine vyenye gari, ao vinavyokodi gari moja kila mara, juma hili someni tarakimu za matairi yote 5, la akiba pamoja, mziandike kwenye karatasi na mlete kwenye mkutano wa siku ya Ine. Tutazisoma moja moja. Anayekodi ana haki ya kusoma pia, na mwenye gari akikataa mlete habari hiyo nayo.