Usilaumu spika, laumu chumba

Jamani, nimechoka kuombwa "programu ya kuongeza besi". Kila nikirudi nyumbani Masalani namkuta mtu ameuza mbuzi akanunua spika kubwa zaidi, na bado analalamika. Shida ni chumba, ndugu yangu!

Chukua sebule ya urefu wa mita 4, kuta za simenti. Kwenye joto letu sauti husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, yaani urefu mara mbili: karibu Hz 44. Ukikaa katikati, besi hiyo inajifuta. Ukiegemea ukuta wa nyuma, inavimba. Ekwalaiza haikusaidii pale katikati, maana ukiongeza wimbi umeongeza na lile linalolifuta. (Na anayesema hivi anakula kwa kuandika programu!) Sogeza kiti kwanza, ni bure.

Halafu mwangwi. Kuanzia 1895 huko Harvard, Wallace Sabine alibeba matakia ya viti usiku, akipima jinsi yanavyoupunguza ukumbini. Aqal ya nyanya yangu, mikeka na ngozi kila upande, haina mwangwi. Sisi tumetandika vigae, tukauza zulia, sasa tunatafuta wati.